Sebule yenye vitu vichache isiyofanana na nyumba ya msiba

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Nyasaka hapa Mwanza na mume wangu na watoto wawili, nyumba ya kupanga. Sebule yetu ni futi 12 kwa 14, sakafu ya marumaru nyeupe, dirisha kubwa linatazama magharibi na dogo liko mashariki. Napenda sana mtindo wa minimalisti ninaouona Instagram: vitu vichache, safi, tulivu. Basi nikauza shokesi na kochi moja kati ya mawili, nikatoa maua ya plastiki na kapeti, nikapaka kuta nyeupe pee. Vitambaa vya makochi alivyonifumia mama mkwe nikavikunja nikaviweka kabatini. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Magu. Aliingia, akasimama pale mlangoni, akauliza, "Mwanangu, kuna msiba?" Usiku nililia. Sitaki kurudi kwenye makorokoro, lakini hata mimi jioni nikikaa naona nyumba imepoa. Mume wangu anasema dawa yake ni zulia la manyoya. Nina laki sita. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole. Nitaanza na mama, kwa sababu usipoelewa alichokiona, hiyo laki sita itaisha na swali litabaki palepale.

Mama hakukusema vibaya. Aliona kitu ambacho yeyote aliyekulia kwetu angekiona. Ukitokea msiba, kazi ya kwanza ya majirani ni kutoa makochi nje, kuondoa meza, kukunja kapeti na kutandika mikeka na majamvi ili watu wakae chini. Sebule isiyo na vyombo, kuta tupu, sauti ikirudi ukizungumza, hiyo ni picha tunayoijua tangu utotoni. Kwa hiyo anayetaka vitu vichache Mwanza ana kazi moja zaidi ya mwenzake wa Copenhagen au Tokyo: uchache wake lazima uonekane umekusudiwa. Mgeni akivuka kizingiti ajue kwamba hapa pamepangwa, hapajaondolewa kitu. Inawezekana, tena bila kurudisha shokesi, na mimi sitakuomba uirudishe.

Hizo picha unazozipenda, nyingi zinatoka nchi za Skandinavia au zinaiga nyumba za huko. Copenhagen, mwezi Desemba, mchana wote una urefu wa kama saa 7. Watu wanatoka kazini giza limeshaingia na nje kuna baridi ya kuganda. Kuta zao ni nyeupe kwa sababu mwanga wao ni haba, na ukuta mweupe unaurudisha ndani usipotee. Manyoya kwenye viti, mishumaa mezani, blanketi la sufi miguuni, kila kimoja kinajibu ile baridi na lile giza. Sisi tuko kama digrii 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, na kuanzia saa 9 alasiri jua linaingia kwenye dirisha lako la magharibi bila kubisha hodi. Ukuta mweupe pee juu ya marumaru nyeupe unachoma macho mchana, na usiku ukiwasha taa nyeupe unapoa kabisa. Ulichukua jibu la watu wanaoutafuta mwanga, wakati wewe unahitaji mahali pa kupumzika mbali nao.

Cha kuiga kwao ni ile nidhamu ya kuuliza kila kitu kina kazi gani kabla ya kukipa nafasi. Hiyo kwetu si ngeni. Katika nyumba za bibi zetu vyombo vilikuwa vichache na kila kimoja kina mahali pake: kibuyu kimetundikwa, mkeka umekunjwa umesimama pembeni, kigoda kiko karibu na mlango, na hakuna aliyeiona nyumba hiyo kuwa ni pungufu.

Tuingie kazini sasa, na tuanze na taa, maana ndilo kosa kubwa la sebule nyingi za mji huu na ndilo la gharama ndogo kulirekebisha. Nadhani una balbu moja katikati ya dari, nyeupe yenye ubuluu, inawaka kuanzia saa 12 na nusu jioni mpaka mnalala. Tazama maandishi kwenye boksi lake, utakuta namba 6500 na herufi K. Hiyo ni rangi ya mwanga wa mchana wenye mawingu. Inafaa dukani, inafaa jikoni unapochambua mchele, lakini kwenye sebule inafanya nyuso za watu zionekane zimechoka. Nunua zenye 2700 hadi 3000. Mwanga wake ni wa njano laini, karibu na ule wa jua linapozama, na ngozi zetu unazipenda sana. Usiweke tena moja tu katikati. Weka tatu ndogo za wati 5 hadi 7 mahali tofauti: moja pembeni ya kochi, moja kwenye kona ya mbali, moja nyuma au ubavuni mwa TV. Ile ya dari ibaki kwa ajili ya kufanya usafi na kutafuta kitu kilichopotea. Taa zikiwa chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, chumba kinapata vivuli, na vivuli ndivyo vinavyompa mtu hisia ya kufunikwa. Chumba chenye mwanga sawasawa kila pembe hakina mahali pa kujificha hata kama kina samani za milioni kumi.

Kofia za taa usizinunue za kiwandani. Kikapu cha ukindu kilichosukwa kwa nafasi, ukikigeuza kikatazama chini na kupitisha waya katikati, kinatoa mwanga wenye michoro ukutani. Fanya hivyo kwa balbu za LED tu, kwa sababu hazipati joto la kuunguza ukindu. Balbu za zamani za waya usizithubutu, na kazi ya waya mwachie fundi umeme. Ukitaka kitu cha Mwanza hasa, nenda Makoroboi kwa mafundi bati. Watu waliozoea kugeuza makopo kuwa koroboi na mapipa kuwa majiko wanaweza kukukatia kofia ya taa ya bati yenye matundu kwa kipimo chako. Peleka mchoro kwenye karatasi, na umwambie fundi asiipake rangi. Bati likichakaa kidogo linapendeza zaidi.

Faida nyingine ya mwanga wa njano utaiona zile jioni ambazo wadudu wa ziwani wanapanda kama wingu na kufuata taa za nyumba. Macho ya wadudu wengi huvutwa zaidi na mwanga wa buluu, kwa hiyo taa ya njano inakupunguzia idadi ya wale watakaoingia. Lakini usije ukaondoa nyavu za dirishani kwa sababu hiyo. Mbu anafuata pumzi na jasho lako hata gizani, na ukanda wetu huu malaria haijaondoka.

Baada ya taa, sauti. Hili halionekani kwenye picha, kwa hiyo watu hawalifikirii, lakini naamini ndilo lililomsimamisha mama mlangoni. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaorudi, basi umepata jibu. Marumaru, ukuta wa saruji, vioo na dari ngumu vyote vinarudisha sauti, na ulipoondoa kapeti, kochi na vitambaa ulitoa vile vilivyokuwa vinaimeza. Chumba chenye mwangwi kinasikika kitupu hata ukifumba macho. Watoto wakicheza kelele zinaongezeka, mtu mzima anachoka bila kujua sababu.

Dawa yake ni nguo, kwa wingi na kwa ulaini, na hapa ndipo mapazia yanafanya kazi mbili. Yatundike juu ya dirisha kwa sentimita 15 hadi 20, bomba lizidi dirisha kwa sentimita 25 kila upande, na kitambaa kishuke mpaka sakafuni. Pazia linaloishia katikati ya ukuta linafanya chumba kionekane kifupi. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa bomba ili kijikunje, kwa sababu ni mikunjo inayomeza sauti. Kitambaa chenyewe kiwe pamba tupu isiyotiwa rangi, ile ya krimu yenye vipunje vyeusi vidogo. Tunaishi katika ukanda wa pamba, mashamba yake yanatuzunguka kuanzia Magu kwa mama mpaka Simiyu na Shinyanga, halafu madirishani tunatundika poliesta inayong'aa. Inaniuma kidogo. Usipopata ya dukani, nenda Mlango Mmoja asubuhi wanapofungua robota. Kwenye mitumba huwa mna mapazia mazito ya pamba na kitani ambayo wengi wanayaruka kwa sababu hayana maua. Kitani utakitambua kwa kukikunja mkononi: kinabaki na makunyanzi. Yafue kwa maji ya moto, yaanike juani siku nzima.

Kwa lile dirisha la magharibi pazia peke yake halitoshi. Joto likishapita kwenye kioo limeshaingia ndani, hata ukilizuia na kitambaa kizito litabaki humohumo. Lazima likamatwe nje. Tafuta mkeka wa matete au mafunjo, ule unaosukwa na watu wa mwambao, ukate kwa upana wa dirisha, ufunge kamba ya kuukunja juu na kuushusha, uutundike nje chini ya paa. Unaushusha saa 9, unaukunja jua likizama. Hapa karibu na Ikweta dirisha la magharibi halipumziki mwezi wowote, utautumia Januari kama Julai. Vijistari vya mwanga vitakavyopenya katikati ya matete na kulala sakafuni jioni ni pambo ambalo hukulilipia. Dirisha dogo la mashariki liache wazi kila inapowezekana. Mchana ardhi inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kuja mjini, na usiku unageuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukiwa na madirisha mawili yanayotazamana, hewa inapita yenyewe. Usiweke kabati wala kochi refu mbele ya lolote kati ya hayo mawili.

Rangi ya ukuta nitaipita haraka kwa sababu si ngumu. Mwanza ina mawe kila uwanja, na nina hakika hatua chache kutoka mlangoni kwako liko moja. Liangalie vizuri. Si kijivu kile cha saruji cha kwenye picha za simu. Lina uwekundu kidogo, lina chembe za krimu, lina madoa ya kutu pale maji ya mvua yanapopita. Chukua kipande kidogo, kioshe, nenda nacho kwenye duka la rangi linalochanganya kwa mashine, uchague krimu iliyo karibu na ile sehemu yake nyepesi kabisa. Iwe rangi ya maji yenye mng'ao mdogo, inayofutika kwa kitambaa, maana una watoto. Kabla ya kununua ndoo, omba kopo dogo la jaribio, paka mraba wa futi 2 kwenye ukuta unaopigwa na jua na mwingine kwenye ukuta wa kivuli, uitazame asubuhi, saa 10 jioni, na usiku ukiwa umewasha zile taa mpya. Jua la jioni linaongeza wekundu kwenye kila krimu, kwa hiyo ile uliyoiona nzuri dukani inaweza kugeuka chungwa. Kwa sebule yako yenye kuta za futi 9, mikono miwili ya rangi itakula kama lita 8. Dari iache nyeupe. Na zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Sasa viti. Kwa kuwa umebaki na kochi moja, bila shaka umelibana ukutani likitazama TV, na katikati pamebaki uwanja. Huo uwanja ndio unaofanana na mahali pa kutandika mikeka. Vuta kochi lisogee mbele, liache ukuta kwa kama sentimita 30. Weka meza ndogo mbele yake, umbali wa sentimita 40 hadi 45, mtu afikie kikombe bila kuinuka. Chini ya meza tandika mkeka wa ukindu mkubwa, miguu ya mbele ya kochi na ya kiti cha pembeni ikae juu yake. Hili zingatia sana, kwa sababu mkeka uliolala peke yake katikati ya chumba utamrudisha mama kwenye wazo lilelile, lakini mkeka uliobebeshwa miguu ya samani unafunga viti viwe kundi moja, watu wakikaa wanaonana usoni. Nafasi utakayoipata inahamia kwenye kingo za chumba, ambako ndiko njia za kupita zinapotakiwa kuwa, kama sentimita 80 hadi 90 kwa upana.

Zulia la manyoya namwomba shemeji anisamehe. Kiangazi chetu, Juni mpaka Septemba, vumbi la barabara linaingia hata kwenye tundu la ufunguo, na manyoya marefu yanalihifadhi. Mtoto mwenye mafua ya mzio atalipia. Bila mashine ya kufyonza vumbi huwezi kulisafisha kweli. Kulipiga nje ukutani kunatoa la juu tu. Akilitaka sana, liwe dogo, lilale upande wake wa kitanda, miguu yake iligonge asubuhi.

Hela kubwa kuliko zote nataka uiweke kwenye kiti kimoja. Mtu akifika Kamanga kupanda kivuko, jicho lake linakwenda kwenye Jiwe la Bismarck lilivyosimama majini, na baada ya hapo maji yote yaliyobaki yanaonekana kuwa mahali pake. Sebule yenye vitu vichache inahitaji kitu kimoja chenye uzito wa namna hiyo, jicho lipate pa kutua. Wengi wanaipa TV kazi hiyo, na TV ikizimwa inabaki kuwa shimo jeusi ukutani. Wajapani katika vyumba vyao vya jadi walitenga kijisehemu kilichoinuliwa ukutani, tokonoma, kikae hapo mchoro mmoja au ua moja, na chumba kizima kinatulia kwa ajili yake. Kwetu usukumani naona kitu hicho kinastahili kuwa kiti. Ukifika Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, utaona jengo la kuhifadhia vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kiti kwa watu hawa si mahali pa kuegemeza mgongo tu. Ni heshima anayopewa mtu.

Tafuta basi kiti cha zamani cha mninga chenye mikono, kile chenye mito inayotoka, ambacho watu wanakiondoa majumbani wapate nafasi ya sofa za L. Kikague viungo kwa kukitikisa, angalia kama wadudu hawajatoboa, na uhakikishe kikao kiko sentimita 45 hivi kutoka sakafuni. Kina kirefu ni kibaya kwa mtu mzima: akishazama, kuinuka kwake ni shida, na magoti ya mama si ya kwako. Mikono ya kiti iwe imara ya kujiinulia. Mpe seremala akipige msasa mpaka mbao zionekane, akipake mafuta ya kitani badala ya vanishi nzito inayong'aa. Mito yake ivishe pamba nene ya rangi moja, kahawia ya udongo au kijani cha majani makavu. Kiweke mahali penye upepo, kikitazama mlango, na taa moja ubavuni. Kiwe cha mama akija, na siku nyingine cha yeyote aliyechoka zaidi.

Na vile vitambaa, dada yangu. Hapa naomba unisikilize kama ningekuwa dada yako mkubwa. Mama aliingia akakuta ukuta mtupu, lakini pia alikuta kazi ya mikono yake haipo. Amekaa jioni ngapi akivifuma, akihesabu matundu chini ya mwanga wa barazani? Mtindo wa vitu vichache hauhitaji utoe alama za watu wanaokupenda. Unahitaji uchague ziko wapi. Vitambaa kumi na viwili juu ya kila mgongo wa kochi vinagombana. Kimoja, kile kikubwa chenye mchoro mzuri kuliko vyote, kikitandazwa juu ya kitambaa cheusi au cha udongo na kuwekwa kwenye fremu pana ya mbao bila kioo, kinakuwa picha ambayo hakuna duka litakaloiuza. Kitundike ukuta ulio kinyume na kile kiti, katikati yake iwe sentimita kama 140 kutoka sakafuni, kwa sababu sebuleni tunatazama tukiwa tumekaa. Kuta za tofali za saruji zinapindisha misumari ya kawaida. Toboa kwa dirili, weka plagi na skrubu. Cha pili kitandike kwenye mkono wa kiti cha mama. Vilivyobaki uvitumie kwa zamu kwenye sinia la chai, vifuliwe, vichakae, kama yeye alivyokusudia.

Kwa namna hiyohiyo picha ya harusi na za watoto zisirundikane sebuleni, ziende koridoni kwa mstari mmoja, fremu za aina moja. Kalenda za madukani, zile za bure, ondoa zote. Maua ya plastiki ulifanya vizuri kuyatoa na usiyarudishe. Chungu kimoja cha udongo chenye mmea wa majani mapana kwenye kona ya mashariki kinatosha, mradi ukitoboe chini maji yasisimame yakazaa mbu.

Kuna hofu moja hukuiandika lakini naijua, kwa sababu kila familia hapa inayo: wageni wakija saba watakaa wapi? Nyumba ya Mwanza haiwezi kupangwa kwa watu wanne wanaolala humo peke yao. Mwombe seremala benchi la paini, urefu wa futi 4, lenye sanduku ndani na mfuniko wa kukalia. Paini inapatikana, yapo mashamba yake hata kanda yetu, Buhindi kule Buchosa na Rubya kule Ukerewe. Ndani ya sanduku weka mashuka ya wageni, chandarua cha ziada na godoro jembamba la kukunja. Juu yake weka mito miwili. Siku za kawaida ni kiti cha watoto chini ya dirisha, siku ya ugeni ni nafasi ya watu watatu, na usiku linatoa kitanda. Ongeza vigoda vitatu vinavyopandana, vikae jikoni. Vitu vyako vitabaki vichache machoni wakati nyumba ina uwezo wa kupokea watu wengi.

Laki sita yako ningeigawa hivi: kiti na fremu, laki mbili. Taa, waya na fundi umeme, laki moja. Benchi na vigoda, laki moja na elfu ishirini. Rangi mnayoipaka wenyewe wewe na shemeji, laki moja. Mapazia, mkeka wa sakafu na mkeka wa dirisha, elfu hamsini na tano, na ndiyo maana nimekupeleka Mlango Mmoja. Elfu ishirini na tano inayobaki ikae kwa ajili ya kile ambacho mafundi husahau kukitaja mwanzoni. Hela ikibana, ahirisha benchi kabla ya kugusa taa.

Fanya kwa mpangilio huu, na usifanye vyote wikendi moja. Balbu nunua leo, kaa nazo wiki nzima, utashangaa mambo mangapi hutayahitaji tena. Kisha rangi, kisha mapazia, kisha sogeza kochi. Kiti na benchi zifuate. Mbao za paini zikague kabla seremala hajazikata: ukiinua ubao ukauona mzito kuliko ulivyotarajia na ukiugusa una ubaridi wa unyevu, bado haujakauka, utapinda ukiwa ndani. Na rangi ukiweza imalizike kabla ya vuli kuanza Oktoba, madirisha yakiwa bado yanaweza kukaa wazi usiku kucha na kuta zikauke vizuri kati ya mkono wa kwanza na wa pili.